KAMBA IMO MKONONI MWA AFUNGWAYE

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda akastaajabu kuona karatasi ya visiwani inaanza tahariri yake kwa khabari za Bukima, nchi iliyo mbali nasi, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Atauliza: wavuvi wa sato na dagaa wa huko, na wakulima wa pamba na muhogo, wametuhusu nini sisi wa karafuu na mwani? Jawabu yetu ni fupi. Bunge linalotunga sheria za Muungano ni moja, na mlango ukiachwa wazi Dodoma mwizi huingia nyumba zote mbili. Tena ni katika nchi hiyo ya Mara ndiko walikotoka watu 2 ambao, kila mmoja kwa zama zake, walijaribu kuwafunga viongozi wa nchi hii kwa kamba ya maadili. Kamba ile ilifunguliwa mara zote mbili, na waliofungua ni walewale waliokusudiwa kufungwa. Khabari hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza leo, kwani imekwisha kuwa mazoea, na mazoea yakiachwa hugeuka sheria.

Tuanze na mwaka 1967. Mwezi wa Januari Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Ndani yake mlikuwa na miiko ya uongozi. Aliyetaka kuongoza alikatazwa kuwa na hisa za makampuni, alikatazwa ukurugenzi katika makampuni ya mabepari, alikatazwa mshahara wa pili, na alikatazwa kuwa na nyumba za kupangisha. Wabunge nao walikuwa miongoni mwa viongozi hao. Ulipofika Oktoba wa mwaka uleule, Mwalimu Julius Nyerere alitoka nyumbani kwake Butiama akenda kwa miguu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio lile. Wazee wa vijiji vya njiani walimwona Rais wa nchi akitembea juani kwa siku kadhaa, naye hana la kuwauzia ila ahadi kwamba kiongozi hatajilimbikizia.

Hatusemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Chama kilikuwa kimoja, na mwananchi aliyechoka nacho hakuwa na pengine pa kwenda. Mlinzi wa miiko ile alikuwa chama chenyewe. Chama kilifunga, chama kilikagua, na chama kilisamehe. Katika jambo hilo ndimo mlimokuwa na kasoro, na kasoro yenyewe haikuchukua muda kuonekana. Mwalimu aliacha uenyekiti wa CCM mwezi wa Agosti 1990. Hazikupita miezi 7, na Februari 1991 Halmashauri Kuu ya chama hicho ikakutana hapa kwetu Zanzibar na kulegeza miiko yote ile: kiongozi aruhusiwe hisa, aruhusiwe ukurugenzi, aruhusiwe kupangisha nyumba, aruhusiwe mshahara zaidi ya mmoja. Hapakupigwa kura ya wananchi. Hapakuulizwa mkulima wa Mugango wala mchukuzi wa bandari ya Malindi. Waliofungwa walikaa kikao, wakafungua fundo, wakaondoka.

Na uamuzi huo, ndugu zetu, ndio uitwao hadi leo Azimio la Zanzibar. Kisiwa chetu, ambacho watu wake hawakuulizwa neno, kimetwishwa jina la siku viongozi walipojiruhusu kuwa matajiri. Mtoto wa skuli akisoma historia hukuta kwamba uadilifu ulizaliwa Arusha na ukazikwa Zanzibar. Twalikataa jina hilo. Ukumbi ulikuwa wetu, lakini shauri halikuwa letu.

Baada ya miiko kuondoka ilikuja sheria. Mwaka 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka ule, na ikawapo Sekretarieti ya Maadili. Kila kiongozi, Mbunge akiwamo, anatakiwa atoe tamko la mali yake na madeni yake kila mwaka. Kwa maneno ni sheria nzuri. Lakini mwananchi ajaribu kwenda kulitazama daftari hilo! Atakuta masharti mlangoni: awe na malalamiko aliyokwisha kuyapeleka, Kamishna aridhike na nia yake, alipe ada, na akishaona asije akayatangaza aliyoyaona. Yaani kwanza umshuku mtu kwa ushahidi usio nao, ndipo upewe ruhusa ya kuutafuta ushahidi wenyewe, kisha ufunge mdomo. Daftari la namna hii lina faida gani kwa mvuvi wa Majita anayetaka kujua kama Mbunge wake amepata kiwanja chake kwa jasho au kwa saini? Wahenga walisema mficha uchi hazai. Taifa linaloficha mali za viongozi wake haliwezi kuzaa uaminifu.

Sasa tazameni yaliyotokea Bunda kwenyewe. Uchaguzi wa jimbo lile wa mwaka 1995 ulipelekwa mahakamani na mgombea aliyeshindwa, Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1985 hadi 1990. Matokeo yakatenguliwa kwa sababu ya vitendo vilivyokatazwa na sheria ya uchaguzi, na kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Kwa hivyo watu wa Bunda walipata somo ambalo majimbo mengi hayakulipata: kura iliyopatikana kwa njia isiyo halali yaweza kufutwa na Jaji. Katika mwaka 1996, Jaji Warioba huyohuyo aliongoza Tume ya Rais iliyochunguza kero ya rushwa nchini, na ripoti yake ikawa kitabu kikubwa ambacho kila mwanasiasa hukitaja na wachache hukifuata.

Je, watunga sheria walilipokeaje somo hilo? Mwaka 2000 waliibadili Sheria ya Uchaguzi na kuingiza kifungu cha takrima, kwamba kumkirimu mpiga kura kwa nia njema, kwa mujibu wa mila, si rushwa. Neno takrima ni neno la heshima. Kila Muislamu na kila Mkristo wa pwani hii ajua mgeni hukirimiwa. Wao walilichukua neno hilo safi wakalivisha kitu kichafu. Pilau lililokuwa kosa mwaka 1995 likawa adabu mwaka 2000. Ilibidi mashirika ya kutetea haki yaende Mahakama Kuu, na ni mwaka 2006 ndipo Majaji walipovibatilisha vifungu vile kwa kuwa ni kinyume cha Katiba. Angalieni mpangilio wa mambo: Mahakama ilikaza, Bunge likalegeza, na Mahakama ikabidi ikaze tena. Hatukumbuki hata mara moja ambapo fundo lililokazwa na wengine lilikazwa zaidi na Wabunge kwa hiari yao.

Hayo ni ya mlango wa mbele, mlango wa kura. Uko mlango wa nyuma, nao ni hatari zaidi kwa sababu hauna mlinzi. Huo ni mlango wa washawishi, watu wanaowaendea Wabunge kwa faragha ili mswada ugeuzwe, bajeti ipite, au mkataba usiulizwe. Kumshawishi Mbunge si dhambi. Mkulima wa pamba wa Bunda akimwandikia Mbunge wake juu ya bei naye anashawishi, na ni haki yake. Dhambi ni siri na bahasha. Na nchi yetu haina daftari la kumwonyesha mwananchi nani amekutana na kamati gani, kwa shauri gani, na kwa gharama ya nani.

Tukitaka mfano hatuendi mbali. Mwezi wa Julai 2011 ilisomwa Bungeni barua ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara hiyo zichange shilingi 50 milioni kila moja, ati kufanikisha shughuli ya kupitisha bajeti. Fedha za umma zichangwe ili wawakilishi wa umma waikubali bajeti ya umma! Bunge liliunda Kamati Teule, maneno yakawa mengi. Mwaka uliofuata, Julai 2012, Spika aliivunja Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini kwa tuhuma za rushwa juu ya baadhi ya wajumbe wake. Uchunguzi wakapewa Wabunge wenzao, nao wakaja na jawabu kwamba ushahidi haukupatikana. Sisi hatusemi kwamba mtu fulani alikula. Huenda wote walikuwa safi kama maji ya mvua. Tusemalo ni kwamba mtu safi naye amedhulumiwa, kwani aliyesafishwa na wenzake hakuna aliye nje atakayeamini kuwa amesafika. Hukumu ya ndugu kwa ndugu haimridhishi jirani.

Kisha ikaja Novemba 2014 na mambo ya akaunti ya Tegeta Escrow, ambamo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilihesabu zaidi ya shilingi 306 bilioni zilizotoka. Wenyeviti wa kamati za Bunge walikuwa miongoni mwa waliotajwa kwamba waliingiziwa fedha, na Bunge likaazimia waondolewe katika nafasi hizo. Mwaka 2017 Mbunge mmoja alirudisha shilingi 40.4 milioni alizopokea. Twamshukuru kwa kurudisha. Lakini twauliza: kama si makelele ya Bungeni na magazetini, ni daftari gani lingetuambia kwamba fedha hizo zilipokewa?

Hapo ndipo tufikapo kwenye kamba ya pili, ile ya Jaji Warioba. Tume ya Mabadiliko ya Katiba aliyoiongoza ilizunguka nchi nzima, Bara na Visiwani, ikasikiliza watu, na rasimu yake ya pili ikakabidhiwa mwisho wa Desemba 2013. Sisi wa visiwani tulishughulika sana na Serikali 3, na ilikuwa haki yetu kushughulika nazo. Lakini katika ghasia za Serikali 3, macho yetu yaliyapita mambo mengine yaliyomo humo. Rasimu ile iliutia uadilifu, uwazi na uwajibikaji miongoni mwa tunu za Taifa. Iliweka kikomo cha ubunge, vipindi 3 na basi. Ilitaka Waziri asiwe Mbunge, ili msimamizi asiwe msimamiwa. Na iliwapa wapiga kura haki ya kumwondoa Mbunge wao kabla ya muda kwisha, akiwasaliti.

Rasimu ilipelekwa kwa nani? Ilipelekwa kwa Bunge Maalum, ambamo Wabunge wote na Wawakilishi wote walikuwa wajumbe, pamoja na wengine 201 walioteuliwa. Mtu aliambiwa: hii hapa sheria inayokuwekea kikomo wewe na inayompa mpiga kura wako uwezo wa kukufukuza, isome, kisha utuambie kama waitaka. Kikao kilianza Februari 2014, na miongoni mwa mijadala ya mwanzo kabisa ilikuwa ni posho, kwamba shilingi 300,000 kwa siku hazitoshi. Mkulima wa Butiama aliyesikia khabari hiyo redioni alijua papo hapo mwisho wake utakuwaje. Aprili, wajumbe wa upinzani wakatoka. Na tarehe 2 Oktoba 2014 ilipopitishwa Katiba Inayopendekezwa, kikomo cha ubunge hakimo, haki ya kumwondoa Mbunge haimo, na uadilifu, uwazi na uwajibikaji vimetolewa katika orodha ya tunu. Katiba hiyo haikufika hata kupigiwa kura ya wananchi. Kura iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haikuitishwa tena.

Wako watakaosema kwamba maradhi haya ni yetu peke yetu. Sivyo. Uganda iliandika katika Katiba yake ya mwaka 1995 haki ya kumrudisha Mbunge nyumbani, kisha ikaongeza kwamba haki hiyo itaishi maadamu mfumo wa Movement upo. Vyama vingi viliporudi, haki ikafa pale pale ilipoandikwa. Na mwaka 2017, ulipojadiliwa mswada wa kuondoa kikomo cha umri wa Rais, kila Mbunge wa Uganda aliwekewa shilingi 29 milioni za kwao kwa ajili ya kushauriana na wapiga kura, wachache wakazirudisha. Kenya nayo iliiweka haki hiyo katika Katiba yake ya mwaka 2010, Bunge likaitungia masharti mazito hata Mahakama Kuu ikayabatilisha mwaka 2017, na hadi leo hakuna Mbunge aliyeondolewa kwa njia hiyo. Na hapa petu Zanzibar tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 2015 na Tume yake. Lakini tujiulize wenyewe, ni nani kati yetu aliyewahi kuliona tamko la mali la Mwakilishi wake? Tusicheke kilema cha jirani ilhali sisi twachechemea.

Wanaopinga haki ya kumwondoa Mbunge wana hoja, nasi hatuikimbii. Wanasema tajiri aliyeshindwa atanunua saini ili amwondoe aliyemshinda. Ni kweli yaweza kutokea. Lakini dawa yake ni kuweka idadi kubwa ya saini, muda maalumu na kosa lililothibitishwa mbele ya Jaji. Dawa yake si kuifuta haki. Hakuna aliyesema tufute uchaguzi kwa sababu kura hununuliwa.

Na sasa tuseme neno chungu kwa wananchi wenyewe, wa Bukima na wa kwetu. Mbunge akija kijijini tunamwimbia mkono mtupu haulambwi. Akifiwa mtu, twamtazama Mbunge. Ada ya mtoto, Mbunge. Nyavu zimechanika, Mbunge. Mabati ya msikiti na ya kanisa, Mbunge. Mshahara wake twaujua kwa makisio, na matumizi tunayomtwika twayajua kwa hakika, na hatuulizi zinazopungua anazitoa wapi. Anazitoa kwa yule mshawishi wa mlango wa nyuma. Naye mshawishi hulipwa kwa mkataba, na mkataba hulipwa na sisi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tena sheria ya mwaka 2009 ikamfanya Mbunge kuwa mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, kwa hivyo yeye aliyetumwa kuzikagua fedha za Serikali naye ana kapu lake la kugawa. Tumemzoesha kuwa mfadhili, na mfadhili haulizwi hesabu.

Tunataka nini basi? Tunataka mambo 5, na hakuna hata moja lililo gumu kwa mwenye nia. Kwanza, tamko la mali la kila Mbunge na kila Mwakilishi lisomwe na mtu yeyote, bila malalamiko wala ada, na libandikwe kila mwaka katika ofisi za halmashauri, Musoma, Bunda na Butiama kama Wete na Mkokotoni. Pili, liwepo daftari la washawishi: aliyekutana na kamati, jina lake, shauri lake na aliyemtuma. Tatu, Mbunge mwenye maslaha yake katika jambo atoke chumbani jambo hilo linapozungumzwa. Nne, tuhuma juu ya Mbunge zisikizwe na Baraza la Maadili lisilo na Mbunge ndani yake, na hukumu yake itangazwe. Tano, haki ya kumwondoa Mbunge irudi kama wananchi walivyoiomba kwa Tume, na ipigiwe kura na wananchi wenyewe, si na wale itakaowafunga.

Hili la mwisho ndilo lenye kuyashika mengine yote. Miiko ya mwaka 1967 ilikuwa mikali kuliko sheria yoyote iliyofuata, na haikutufaa, kwa sababu ncha ya kamba ilikuwa mkononi mwa afungwaye. Rasimu ya mwaka 2013 ilitaka kuitia ncha ile mkononi mwa mpiga kura, na kwa ajili hiyo haikuachwa ipite. Sheria mpya zitakuja, na hotuba zitakuja pamoja nazo. Kila ikija moja, msomaji wetu asiishie kuuliza ni kali kiasi gani. Aulize ncha ya kamba ameishika nani.

Watu wa Bukima walimwona mtu wao akitembea kwa miguu kwa ajili ya ahadi, na wakamwona mwengine akirudi na rasimu iliyonyofolewa. Watakapokuja wagombea kwao na kwetu, na mabati yao na pilau lao, tuwapokee kwa adabu, tuwape maji ya kunywa, na kabla hawajakaa kitako tuwaulize mbele ya watu: Je, utapigania haki yetu ya kukuondoa? Asiyeweza kulijibu hilo hadharani, kura yetu haimfai.